Mgeni Asiyepewa Jembe

Abiria anayeshuka stendi ya Kasulu bila kumjua mtu ana dhiki zake, lakini kabla jua halijazama anaweza kuuliza njia, kupata chumba gesti, na kesho yake kutafuta kibarua. Mwaka 2015 maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. MV Liemba ikawavusha hadi Kigoma, na mabasi yakawapandisha hadi kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Baadaye wengi walipelekwa Nduta, Kibondo. Nao pia walishuka kwenye basi mahali wasipopajua. Je, watu hao wamefika? Naliona swali hili kuwa la imani kabla ya kuwa la siasa, na jibu langu ni kwamba bado wako njiani. Kupewa hema, unga na maharage kunamwondoa mtu kwenye hatari ya kifo, na hilo si dogo. Lakini mtu amefika pale tu anaporuhusiwa kuishi kwa mikono yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu, wakisahau kwamba inamdai mwenyeji pia: jembe lazima litolewe, pamoja na mahali pa kulimia. Dini zetu zinakubaliana nayo. Mambo ya Walawi, sura ya 19, inaamuru kwamba mgeni akaaye katika nchi atendewe kama mzalia. Amri hiyo inamhusu mtu aliyekuja kukaa, wala haiishii kwa mpita njia anayeomba maji. Waislamu nao wanakumbuka Madina. Sa'd bin Rabi' alijitolea kumgawia Abdurrahman bin Auf, muhajiri aliyetoka Makka, nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Ukarimu wa Sa'd ulikuwa mkubwa kupita kiasi, na bado mgeni alijua kwamba heshima yake ilikuwa sokoni. Qur'ani, sura ya Al-Hashr, inawasifu wenyeji wale kwa kuwatanguliza wageni hata walipokuwa wahitaji wenyewe.

Tanzania imewahi kulifanya hili. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakauza mazao, wakasomesha watoto. Kuanzia 2014 takriban 162,000 kati yao na vizazi vyao walikabidhiwa vyeti vya uraia. Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, imeishi chini ya fikra nyingine. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae ndani ya eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Wapo watu wazima waliozaliwa humo ambao hawajawahi kupanda basi la Kasulu kwenda Kibondo kwa hiari yao.

Pingamizi zito ni la mwenyeji maskini. Wakulima wa Kasulu na Kibondo wameona misitu ikikatwa kwa kuni na mkaa, wamehofia ujambazi, na wao pia hawana ardhi ya ziada. Malalamiko yao ni ya kweli, na anayehubiri ukarimu kutoka mbali hana haki ya kuyapuuza. Lakini tuangalie nini kinasababisha nini. Aliyezuiwa kulima na kuuza hubaki na kuni za msitu na vibarua vya kificho, kwa ujira mdogo asioweza kuudai mbele ya mtu. Na masoko ya pamoja ya kambini yalipofungwa, mkulima wa kijiji jirani naye alipoteza wanunuzi wa ndizi na maharage yake. Hasara ilivuka uzio.

Wengine husema mgeni akipewa jembe hatarudi kwao. Kabla ya uraia kutolewa, Warundi wa 1972 waliulizwa wanataka nini. Takriban mmoja kati ya watano alichagua kurudi Burundi, ingawa alikuwa na shamba na miaka zaidi ya 30 nchini. Aliyeondoka aliondoka akiwa mkulima, mwenye ujuzi wa kuanzia na uwezo wa kuamua. Njaa nayo humsukuma mtu arudi, ila huwezi kuita kurudi kwa namna hiyo uamuzi wake.