Harambee: Je, Neno Hubeba Dhambi ya Chimbuko Lake?

Katika mtaa wa Harambee, Eastlands, Nairobi, tulihudhuria kikao cha matanga. Mzee aliyefungua mchango aliita, kama ilivyo ada, "Harambee!" Umati ukaitikia, isipokuwa mama mmoja mlokole. Baadaye alitueleza kwamba hawezi kulitamka jina la mungu wa kike wa Wahindi. Mchango wake, hata hivyo, alikuwa ametoa. Makala haya yanauchunguza ukimya huo: je, msemaji anawajibika kimaadili kwa chimbuko la neno ambalo yeye mwenyewe hakulikusudia?

Dai lenyewe linafahamika. Inasemekana kuwa vibarua wa Kihindi walioijenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 waliita "Hare Ambe" kila walipoinua vyuma. Katika Kisanskriti, Amba ni mama, na pia ni jina la mungu wa kike. Ambe ni umbo la kumwitia. Lakini Hare aghalabu ni umbo la kumwitia Hari, yaani Vishnu, na wanaomtukuza Ambe huzoea kusema "Jai Ambe". Kwa maoni yetu, maelezo yenye nguvu zaidi ni yale yanayolinasibisha neno hili na mwito wa wachukuzi wa pwani wa kuvuta kwa pamoja.

Ajabu ni kwamba maneno ambayo usanskriti wake hauna shaka hayamkoseshi mtu usingizi. Sukari imetokana na śarkarā, neno lililomaanisha pia changarawe, likatufikia kupitia Kiajemi na Kiarabu. Pilipili ni pippalī. Laki ni lakṣa. Mama yetu huyatia mawili ya kwanza chunguni kila siku.

Hata hivyo, tukubali kwa ajili ya hoja kwamba vibarua wale waliomba kweli. Karibu 2,500 kati yao walifia katika ujenzi huo. Mtu aliyelemewa na chuma, ugenini, akamwita mama wa imani yake, ametuambukiza uchafu gani? Wanaolishutumu neno hawakosei etimolojia tu, wanawadhulumu marehemu. Mtume Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8, alikabili suala la nyama iliyotolewa kwa sanamu. Hakuihesabu nyama yenyewe kuwa najisi, ila aliwaonya wenye ujuzi wasiidharau dhamiri iliyo dhaifu. Kwa hiyo hatumcheki mama huyu. (Wasomi tuna haraka ya kucheka.)

Tangu Jomo Kenyatta alipolifanya neno hili mwito wa taifa mwaka 1963, hata likaandikwa kwenye nembo ya serikali, limejenga shule na zahanati, na limetumiwa pia kununulia utiifu. Sheria ya mwaka 2003 iliwawekea maofisa wa umma mipaka katika kukusanya michango. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee. Katika hayo yote, Ambe hakutajwa.

Tulipomdodosa mama yule zaidi, alikumbuka kwamba katika miaka ya 1980, kwenye ofisi moja, alidaiwa kwanza risiti ya harambee ndipo apewe barua aliyoifuata. Alilipa. Siku hiyo, alisema, neno lenyewe alilitamka bila kusita.