Mzigo wa Wazee ni wa Nani?

Neno bima lilitujia kutoka Bara Hindi, nasi tumelizoea zaidi katika habari za magari na nyumba. Likitajwa pamoja na uzee huzua swali gumu: mzee akiugua, ni mzigo wa nani? Yaliyotokea Marekani yaweza kutusaidia kulitafakari.

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Gharama za hospitali zililipwa kwa kodi iliyokatwa katika mishahara. Kijana alimtunza mzee asiyemjua, akitumaini kwamba naye atatunzwa. Hata hivyo, aliyelazwa muda mrefu mno aliweza kufilisika, na dawa za kununua dukani hazikuwamo.

Mwaka 1988 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuziba mianya hiyo. Lakini safari hii gharama yote walitwikwa wazee wenyewe, na wenye kipato kikubwa walitakiwa kutoa hadi dola 800 kila mmoja kwa mwaka 1989. Wachache tu ndio wangalilipa kiasi hicho. Wengi waliogopa kuwa wamo. Mwezi Agosti mwaka huo, mjini Chicago, wazee wenye hasira walilizingira gari la Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya bunge inayohusika na kodi, hata akashuka na kutoka mbio. Kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya sheria ilikuwa imefutwa.

Je, walikuwa wachoyo? Hatudhani. Walichanga ujanani kwa mapatano ya namna moja, wakakuta uzeeni mapatano yamegeuka: aliyekuwa mzigo wa wote sasa abebwe na wazee wenzake tu. Katika hilo twaona walikuwa na haki. Lakini waliopiga kelele (nasi walimu twalijua jambo hili darasani) sio waliokuwa na haja kubwa. Wengi wao walikwisha kuwa na bima nyingine. Mjane mgonjwa asiye nayo hakulizingira gari la mtu. Alipoteza kinga yake bila kuulizwa.

Dawa ziliingizwa katika Medicare kwa sheria ya mwaka 2003, zikaanza kulipiwa mwaka 2006. Mjane aliyekuwa na miaka 75 siku za ghasia zile za Chicago alikwisha kutimiza, kama alikuwa hai, miaka 92.