Kabla ya Kuigusa Draiva, Iulize Mashine

Katika steshenari moja ya Morogoro, kompyuta ya mezani iliwashwa asubuhi ikaonyesha maandishi manene yasiyoenea kiooni. Hakuna aliyekuwa amebadili programu yoyote. Jioni iliyotangulia duka lilipakwa rangi, meza zikasogezwa, na waya mfupi wa VGA uliounganisha kompyuta na monita haukufika tena. Kijana wa duka alitoa mwingine mrefu kabatini, uliokuwa ukitumika na projekta ya zamani, akauchomeka, akawasha. Picha ikaja. Kwa kuwa picha ilikuja, habari ya waya ikaisha.

Monita ile ilikuwa ya pikseli 1920 kwa 1080. Kompyuta sasa ilitoa 1024 kwa 768, na monita ikaivuta picha hiyo kwa upana hadi ijaze kioo. Herufi zilinenepa, mihuri ya duara ikapanuka ubavuni, na ukurasa wa A4 haukuonekana wote ila ukiupunguza sana. Kijana alifungua mipangilio ya skrini ndani ya Linux Mint akakuta orodha fupi: 1024 kwa 768, kisha 800 kwa 600, 848 kwa 480, na 640 kwa 480. Juu ya hapo hapakuwa na cha kuchagua.

Mteja wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyekuja kurekebisha jedwali la tasnifu yake.

“Kaka, mbona jedwali langu limekuwa hivi?”

“Ni draiva tu hiyo, dada. Nipe dakika tano.”

Jibu lilitoka kabla hajaiuliza mashine. Yote yaliyofuata yalitokana na jibu hilo, na ndiyo sababu nimeona kisa hiki kinafaa kusimuliwa hatua kwa hatua. Wanaojifunza Linux peke yao, bila fundi wa kukaa naye, hupita njia hiihii.

Alitafuta kwenye simu akapata ushauri wa kuongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Ushauri huo una mahali pake. Mwaka 2009 kerneli ya Linux ilianza kupanga yenyewe ukubwa wa picha kwa kutumia draiva ya kadi ya picha, na neno lile huikataza isifanye hivyo. Linafaa pale kompyuta inapowashwa ikabaki nyeusi tupu, ili angalau uingie ndani ukafanye matengenezo. Kwa mtu ambaye kioo chake kinawaka na kinachokosekana ni ukubwa tu, linaondoa kile kidogo kilichokuwa kikifanya kazi. Kijana aliliandika ndani ya /etc/default/grub, akatoa amri ya update-grub, akazima na kuwasha. Orodha ya chaguo nne sasa ilikuwa na moja. Kadi ya Intel iliyomo ndani ya kompyuta ile ikaachwa bila draiva yake, kazi yote ya kuchora ikaangukia prosesa, na hata kuburuta dirisha kukawa kwa kukwamakwama.

Angeondoa neno lile akarudi alipoanzia, hasara ingekuwa dakika chache. Hakuliondoa. Aliliacha akaongeza jingine juu yake.

Ushauri wa pili ulimtaka atengeneze faili la /etc/X11/xorg.conf na kuandika ndani yake kwamba draiva ni nvidia. Kuna historia hapa. Zamani kila aliyeweka Linux alilazimika kuandika faili hilo kwa mkono: aina ya kadi, aina ya monita, hata masafa ambayo monita inaweza kuyavumilia, na miongozo ya wakati huo ilionya kwamba masafa makubwa kupita kiasi yanaweza kuunguza monita za kioo kinene. Siku hizi kompyuta nyingi hazina faili hilo kabisa, kwa sababu mfumo hujitambulia wenyewe. Lakini maelekezo ya zamani hayakufutika, na mengi yanahusu kadi za NVIDIA kwa sababu ndizo zilizowasumbua watu zaidi. Kwa miaka mingi kampuni hiyo haikuwapa watengenezaji wa Linux maelezo ya kutosha, hata draiva huria ya nouveau, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2010, ikabidi iandikwe kwa kuchunguza mienendo ya kadi kutoka nje. Mwaka 2012, akizungumza Finland, Linus Torvalds mwenyewe alisema hadharani kwamba hawajawahi kukutana na kampuni mbaya kuliko hiyo. Ilifika 2022 ndipo NVIDIA ilipotoa msimbo wa sehemu ya draiva yake inayokaa kwenye kerneli.

Kompyuta ya steshenari haikuwa na kadi ya NVIDIA. Iliambiwa itumie draiva isiyokuwepo kwa kadi isiyokuwepo, na ilipowashwa tena haikuonyesha kitu ila weusi.

Mwanafunzi alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha plastiki, na foleni nyuma yake imekua.

Hapo napo hapakuwa na msiba. Linux inapokosa kuonyesha madirisha huwa bado iko hai. Ukibonyeza Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja, au F3, unapata uwanja wa maandishi matupu. Unaingiza jina na nenosiri, unalipa faili lile jina jingine kwa amri ya sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.zamani, kisha unaamsha upya programu ya kuingilia kwa sudo systemctl restart lightdm. Hata sababu ilikuwa imeandikwa wazi kwenye kumbukumbu za mashine, faili la /var/log/Xorg.0.log, katika mistari inayoanza na alama (EE): draiva ya nvidia haipo, skrini haikupatikana. Kijana hakujua kwamba mashine huandika. Hilo silihesabu kuwa kosa lake, maana hakuna aliyemwambia. Tunawafundisha vijana kubofya, hatuwafundishi kusoma kumbukumbu.

Alichokijua ni kuupiga mfumo upya, yaani kuusakinisha tena. Alichomeka flashi yenye Linux Mint akaiwashia kompyuta. Mint hukuwezesha kuutumia mfumo moja kwa moja kutoka kwenye flashi kabla hujaugusa mfumo ulio ndani ya diski, na hapo mashine ilimpa jibu lake. Ule mfumo mpya wa kwenye flashi, usio na nomodeset, usio na xorg.conf, usioguswa na mtu, ulifunguka kwa 1024 kwa 768. Maandishi yaleyale manene. Mfumo safi ukiugua ugonjwa uleule, basi ugonjwa hauko kwenye diski. Uko nje ya mfumo: kwenye kadi, kwenye monita, au kati yake.

Diski nayo ilikuwa palepale, mafaili yote ya wateja yakiwa salama. Angeweza kuyafungua kutoka kwenye flashi akayanakili. Foleni ilikuwa ikimtazama. Akachagua kufuta diski yote na kusakinisha.

Kazi ilipokwisha, kompyuta iliwaka vizuri, kwa 1024 kwa 768.

Nasimama kidogo hapa. Steshenari ni ofisi ya watu wasio na ofisi. Kwenye diski ile palikuwa na mihtasari ya vikundi vya kuweka na kukopa, barua za maombi ya kazi, mitihani ya shule za jirani, sura za tasnifu, na wosia ambao mzee mmoja aliimlisha neno kwa neno. Wengi wa wenye mafaili hayo hawana kompyuta nyumbani. Nakala waliyonayo ni ile ya dukani. Anayeshika kompyuta ya namna hiyo ameshika amana.

Mama mwenye duka alipoelezwa hakugombeza. Alimpigia fundi anayemfahamu, naye akafika mchana.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Tuangalizie, mashine imetushinda.”

Fundi alimwuliza kijana, “Dogo, ni lini ilikuwa nzima mara ya mwisho, na tangu hapo kimebadilika nini?” Kijana akaanza na nomodeset. “Hapana, kabla ya hapo.” Kabla ya hapo palikuwa na rangi, meza, na waya.

Hata hivyo fundi hakuukimbilia waya. Alipima kwanza, kama zahanati inavyopima damu kabla ya kutoa dawa ya malaria. Amri ya lspci -k ilionyesha kadi ni ya Intel na draiva inayoiendesha ni i915, ile inayotakiwa. Draiva ilikuwa nzima tangu mwanzo. Amri ya xrandr ikaonyesha kwamba tundu la VGA-1 limeunganishwa, na chini yake zile chaguo nne tu. Fundi mzoefu anaitambua orodha hiyo: ndiyo ambayo kerneli huikisia pale monita isipojitambulisha.

Kila monita ya kisasa hubeba utambulisho wake, unaoitwa EDID: kifurushi cha baiti 128, au zaidi, kinachotaja mtengenezaji, ukubwa wa kioo na resolusheni inazozikubali. Kompyuta hukisoma kupitia waya uleule wa picha. Kwenye plagi ya VGA yenye pini 15, rangi nyekundu, kijani na buluu hupita pini ya 1, 2 na 3, lakini utambulisho hupita ya 12 na ya 15. Waya unaweza basi kuleta picha safi kabisa huku umeua mazungumzo. Fundi alihesabu baiti kwa amri moja, wc -c /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid, na jibu likawa 0.

Akachomoa waya, akaielekeza plagi dirishani. Pini ya 12 haikuwepo. Kukosekana kwa ya 9 asingekujali, kwa sababu waya nyingi nzima za VGA hutengenezwa bila pini hiyo. Waya ule ulifanya kazi miaka yote na projekta kwa sababu projekta nyingi za zamani zina pikseli 1024 kwa 768 hasa. Kompyuta ilikuwa ikikisia, na kisio kikawa sahihi kila mara. Aliirudisha meza karibu na ukuta, akachomeka ule waya mfupi wa awali, na 1920 kwa 1080 ikaja yenyewe bila amri yoyote.

Kijana aliuliza ingekuwaje kama wasingekuwa na waya mwingine. Fundi akamketisha amwonyeshe. Amri ya cvt 1920 1080 60 hukokotoa vipimo vya picha na kuvitoa katika mstari unaoanza na Modeline. Unanakili vipimo hivyo ndani ya xrandr --newmode, unaviambatanisha na tundu kwa xrandr --addmode, kisha unavitumia kwa --output na --mode. Monita bapa ikishindwa huandika tu kwamba masafa yako nje ya uwezo wake. Njia hii inahitaji mfumo wa madirisha wa Xorg, ambao Mint ya duka iliutumia. Kwenye Wayland, xrandr haibadilishi kitu. Faida yake iliyomvutia kijana ni kwamba ukizima na kuwasha, yote yanatoweka. Na hata nomodeset angeweza kuijaribu hivyo: kwenye menyu ya GRUB unabonyeza herufi e, unaongeza neno, unawasha, na jaribio linadumu kwa uwashaji huo mmoja. Alichoandika yeye kwenye /etc/default/grub kilidumu.

Ziko siku ambazo draiva ndiyo yenye kosa. Kompyuta yenye kadi ya NVIDIA iliyolala nzima, ikasasishwa kerneli, ikaamka na picha kubwa isiyobadilika, mara nyingi imepoteza moduli ya draiva yake. Draiva ya mtengenezaji lazima ijengwe upya kwa kila kerneli mpya. Vifurushi vya Ubuntu na Mint hushughulikia hilo, ilhali aliyepakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuiweka kwa mkono huenda akabaki nayo kwenye kerneli ya zamani. Menyu ya GRUB humruhusu kurudi kwenye kerneli iliyotangulia kwa muda. Ulinzi wa Secure Boot nao hukataa moduli isiyotiwa sahihi. Katika hali zote hizo lspci -k itasema ni draiva gani inayofanya kazi, au kwamba hakuna.

Mafaili yalichukua siku nyingi kuliko waya. Fundi alikataza kompyuta ile isiandikwe kitu kingine, akaitoa diski, akaipekua kwa programu ya PhotoRec kutoka mashine nyingine. PhotoRec hurudisha yaliyomo bila majina, hivyo mama na kijana walikaa wakifungua nyaraka zenye namba tupu, moja baada ya nyingine, kumtafuta mwenyewe. Mihtasari mingi ilipatikana. Mwanafunzi aliokoa sura alizokuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe. Jedwali na sura ya mwisho alianza upya, na duka halikumtoza. Wosia haukuonekana. Mzee aliitwa, akauimlisha tena.

Mama alimuuliza fundi kama programu ya Timeshift, iliyokuja na Mint, ingewaokoa. Akamjibu kwamba Timeshift ingeurudisha mfumo kama ulivyokuwa kabla ya nomodeset na xorg.conf, ila kwa kawaida huwa imepangwa isiguse mafaili ya mtumiaji, na nakala iliyo kwenye diski ileile hufutwa pamoja nayo. Wiki hiyo mama akanunua diski ya nje. Kijana huichomeka kila jioni kabla ya kufunga duka, ananakili folda ya wateja, anafungua faili moja kuhakikisha linasomeka, kisha anaichomoa na kumkabidhi mama.