Kanzu ya Mtoto Tusiyemwona

Je, kumtayarishia vitu mtoto ambaye bado hajazaliwa ni imani, au ni kumtangulia Mungu? Swali hili linaonekana dogo, lakini limeleta ubishi katika nyumba nyingi za Wakristo. Mama mjamzito anaanza kufuma kofia mimba ikiwa na miezi sita. Mama mkwe anamwambia aache. Shangazi anatoka safari na kitenge cha kushonea kimto cha mtoto. Jirani anasema kitu hicho kisiingie ndani mpaka mama arudi salama kutoka hospitali. Wote wanampenda mtoto yuleyule. Wanatofautiana tu juu ya namna ya kumpenda mtu ambaye hawajamwona.

Sisi tunaoandika ni wanawake wa kanisa hapa Miyuji, Dodoma. Alhamisi mchana, kazi za nyumbani zikipungua, tunakutana chini ya mwarobaini tukiwa na sindano na nyuzi. Tunafuma kofia, soksi na masweta madogo, tunapinda pindo za mbeleko, tunashona vishuka kutoka kwenye vitenge. Kila mama mjamzito wa usharika wetu hupewa kifurushi, awe anatarajia mtoto wa kwanza au wa sita. Baadhi yetu hufuma tukiwa wajawazito wenyewe, na sweta lililoko mikononi ni la mtoto aliyeko tumboni.

Zamani kazi hii isingehitaji kundi. Bibi, mama mdogo na wifi walikuwa karibu, na mtoto alipofika alikuta mikono mingi ikimngoja. Kabla kitambaa cha dukani hakijaenea, mama wa nyanda hizi alimbeba mwanawe kwa ngozi iliyolainishwa, na kulainisha ngozi si kazi ya siku moja. Lakini tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji wetu umepokea familia nyingi kutoka Dar es Salaam, Kilimanjaro, Kagera na kwingineko. Dada mmoja anaweza kubeba mimba yake yote akiwa amepanga chumba hapa, na mama yake mzazi akawa umbali wa safari ya basi ya siku nzima. Kwa mtu kama huyo, kofia iliyofumwa na mama wa kanisani inamwambia kwamba kuna watu wanaomngoja mtoto wake pamoja naye.

Pamoja na wageni zikaja mila zao, na tukagundua kwamba onyo moja linafanana katika makabila mengi: usimkatie mtoto mbeleko kabla hajazaliwa. Wengine huruhusu kununua lakini si kushona. Wengine hukataza hata kutaja jina. Hatupendi kulidharau onyo hili, kwa sababu lilizaliwa na machozi. Wazee wetu walizika watoto wengi. Mtu aliyefungua sanduku la nguo ndogo ambazo hazikuvaliwa hakutaka binti yake afungue sanduku kama hilo. Wengine waliogopa jicho la hasidi. Na ndani ya onyo hilo kulikuwa pia na unyenyekevu: mtoto ni wa Mungu, nasi hatuna hati ya kumdai. Yakobo, katika sura ya 4 ya waraka wake, anawaonya wale wanaopanga mwaka mzima wa biashara kana kwamba kesho iko mfukoni mwao. Mzee anayesema “tusubiri kwanza” anaweza kuwa anahubiri Yakobo bila kufungua Biblia.

Wala hofu hiyo haijapitwa na wakati. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini kwetu, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hali imekuwa bora kuliko enzi za bibi zetu, lakini 24 si sifuri. Katika kila usharika mkubwa yupo mama anayejua mmoja wa hao 24 alikuwa nani.

Basi onyo lina sababu. Shaka yetu ni pale onyo linapogeuka hukumu, na hilo tumeliona kwa macho yetu.

Dada mmoja wa kundi letu alifuma sweta la njano kwa miezi mitatu. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, akaishi siku mbili. Msibani, mama mmoja alisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha: “Aliharakisha. Tulimwambia.” Dada yetu alisikia. Kwa miezi mitano hakuja Alhamisi, na Jumapili alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Baadhi yetu tukaanza kuulizana kama kundi liendelee. Kama sindano zetu zinaweza kuwa jiwe mkononi mwa mtu wa kumpiga mfiwa, kuna faida gani?

Tulipolijadili, aliyesema neno zito alikuwa bibi mmoja wa Kigogo, mkubwa kuliko sote, ambaye huja kukaa nasi ingawa macho hayamruhusu tena kufuma. Alisema: “Wanangu, mimi nilizaa wanane. Sikumtayarishia hata mmoja, maana tulikatazwa. Watatu waliondoka hivyohivyo. Kutokutayarisha hakukuwazuia kufa, kulinizuia tu mimi kuwa na kitu cha kuwafunika. Niliwazika kwa kipande cha kanga yangu niliyokuwa nimevaa.”

Hakuna aliyemjibu. Lakini maneno yake yalitenganisha mambo mawili tuliyokuwa tumeyachanganya. La kwanza ni unyenyekevu mbele za Mungu, ambao ni wema. La pili ni kudhani kwamba kofia ya uzi inaweza kuita kifo, au kwamba kuikosa kunaweza kukizuia. Hilo la pili linampa uzi nguvu ambayo Mungu hakuupa. Tena linamwangushia lawama mtu yule ambaye tayari amebeba mzigo kuliko wote.

Biblia ina mwanamke ambaye tunadhani alilielewa swali letu vizuri. Hana alimwomba Mungu mtoto, akampata Samweli, na alipomwachisha kunyonya akampeleka Shilo kumtumikia Bwana mbele ya kuhani Eli. Kisha 1 Samweli 2:19 inatupa habari ambayo wahubiri wengi huipita haraka: kila mwaka, mama huyo alimtengenezea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu.

Anayejua kushona ataona ugumu wake mara moja. Hana alimwona mtoto mara moja kwa mwaka. Kanzu ya mwaka huu aliikata kwa mtoto ambaye hakuwa mbele yake. Mabega yamepanuka kiasi gani? Mikono imerefuka vidole vingapi? Hakuweza kumpima, ilimbidi akisie. Kwa hiyo mwaka mzima mikono yake ilikuwa na kazi ya kumfikiria mtoto asiyemwona, na kazi hiyo ilimtaka akubali kwamba huenda atakosea kipimo. Ndivyo ilivyo pia kwa mjamzito anayefuma sweta. Hajui kichwa kitakuwa na ukubwa gani, hajui kama ni wa kike au wa kiume, hajui siku. Anafuma kwa kukisia.

Na tuangalie jambo lingine: Hana alikuwa amekwisha kumtoa Samweli. Hakushona ili ammiliki. Mtoto alikuwa wa Bwana, alilala hekaluni, na malezi yake yalikuwa mikononi mwa mwingine. Hata hivyo Hana hakusema, “Kwa kuwa si wangu, simshonei.” Hapa ndipo tunapoona jibu la swali tulilolianza. Kumtayarishia mtoto kitu hakumaanishi kumdai Mungu atupe mtoto huyo. Mtu anaweza kumwachia Mungu kabisa, na bado akakaa chini ya mti akimshonea kanzu.

Mariamu naye alimvika mwanawe nguo za kitoto usiku ule wa Bethlehemu. Luka hatuelezi nguo hizo zilitoka wapi, wala hatutamsemea. Lakini nabii Ezekieli, katika sura ya 16, anapotaka kuonyesha mtoto aliyetupwa anafananaje, anataja kwamba hakukatwa kitovu, hakuoshwa wala hakuvikwa nguo za kitoto. Kumbe tangu zamani kitambaa cha kwanza kilikuwa alama ya kupokelewa. Na Zaburi ya 139 inamsifu Mungu kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kazini tumboni mwa mama, akimuunda mtu kabla macho ya yeyote hayajamwona. Ikiwa Mungu anamfanyia mtoto kazi kabla hajaonekana, hatuoni kwa nini mikono yetu ikatazwe.

Tunajua mtu anaweza kuuliza: kwa nini kufuma, wakati nguo za watoto zimejaa madukani na mitumbani, tena kwa bei ndogo kuliko uzi? Ni kweli. Hatusemi kofia ya dukani ina upendo mdogo. Baba anayekatisha safari ya daladala ili abakize hela ya kununulia soksi amejitoa kama aliyefuma. Ila kazi ya mikono ina jambo moja ambalo duka haliuzi, nalo ni muda. Miezi tisa ni mirefu, hasa kwa mwenye hofu. Sindano inampa mjamzito kitu cha kufanya na hofu hiyo badala ya kukaa akiihesabu. Na wanaokaa pamoja wakifuma huzungumza: mmoja anasema miguu inavimba, mwingine anamwambia hilo si la kusubiri, twende kliniki leo.

Tunalisema hili la kliniki kwa mkazo, kwa sababu zawadi nzuri inaweza kutufanya tujisikie tumemaliza wajibu. Kofia haimlipii mama bodaboda saa nane za usiku. Ndani ya vifurushi vyetu, pamoja na sweta, sasa tunaweka pamba, kanga safi na vifaa vingine ambavyo mama huelekezwa kliniki aende navyo, na kila familia tunaiuliza: nauli imewekwa? Nani atabaki na watoto? Na kofia yenyewe si pambo tu. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa na majimaji mwilini, na kichwa chake ni kikubwa kulingana na kiwiliwili, hivyo hupoteza joto upesi. Wahudumu wa afya hushauri akaushwe mara moja, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe na avikwe kofia, na asiharakishwe kuogeshwa. Aliyewahi kupita kipupwe cha Dodoma, mwezi wa sita na wa saba, anajua upepo wa usiku wa huku. Kutayarisha kofia kwa msimu huo ni busara ya kawaida.

Vilevile tunajihadhari na zawadi zinazoumiza. Siku hizi sherehe za kumpongeza mjamzito zimeingia mjini kwetu, zikiwa na michango, sare na picha. Furaha yake hatuipingi. Lakini kiwango cha mchango kikimfanya dada mmoja aone haya kuja, zawadi hiyo imeacha kuwa ya mtoto. Kule Yafa, Dorkasi alipofariki, wajane walimwonyesha Petro mavazi aliyowashonea akiwa hai. Walioonyesha walikuwa waliovikwa. Dorkasi mwenyewe hatumsikii akiyatangaza. Ndiyo maana vifurushi vyetu vyote vinafanana, cha mke wa mkurugenzi na cha anayeuza karanga, na huvipeleka nyumbani watu wawili tu, bila picha.

Dada yetu wa sweta la njano alirudi Alhamisi moja, bila kuitwa. Alikuwa amelibeba kwenye mfuko. Mmoja wetu, kwa nia njema, alimuuliza kama angependa tulifumue uzi utumike kwa mtoto mwingine. Alikataa kwa upole. “Alilivaa,” akasema. “Lilikuwa kubwa, mikono nilimkunjia mara mbili. Lakini alilivaa siku zake zote. Ni lake.” Kisha akaomba sindano, akaanza kofia ya mtoto wa jirani yake.

Tulikuwa tumezoea kudhani kwamba kilichofumwa kwa ajili ya mtoto asiyebaki kimepotea. Mtoto huyo aliishi siku mbili duniani, na siku zote mbili alikuwa ndani ya kazi ya mikono ya mama yake. Kama sweta lile lisingefumwa, maisha yake yasingeongezeka hata saa moja. Yangekuwa tu na baridi zaidi.

Kwa hiyo, wapendwa, tunawaomba mambo machache. Mwenye mila ya kusubiri aheshimiwe. Asilazimishwe kupokea kifurushi kabla ya siku yake, sisi tutakitunza. Mwenye kufuma afume, na aseme “Mungu akipenda” kwa moyo, si kwa mazoea. Mtoto asipobaki, mama yake peke yake ndiye aamue nguo zile zikae wapi, na mtu yeyote asimharakishe. Na msibani, asiwepo Mkristo atakayemwambia mfiwa kwamba alitayarisha mapema mno. Kama hatuna neno lingine la kusema, tukae naye kimya, tumsaidie kuchota maji na kupika. Siku atakapokuwa tayari, Alhamisi mchana tupo, na sindano ya ziada huwa ipo.