Aliyepanda Mnarani



Wiki hii tunasoma Warumi 9, pale Paulo anapokuwa tayari kutengwa na Kristo ili ndugu zake waokoke. Kila nikifika hapo namkumbuka mtu ambaye hakuwa Mkristo, wala sitaki kumvalisha Ukristo: Ramanuja, mwalimu wa dini ya Kihindu kusini mwa India. Wafuasi wake husema alizaliwa mwaka 1017 na kufariki mwaka 1137.

Wanasimulia kwamba alikwenda Thirukoshtiyur kumwomba mwalimu mmoja amfunulie maana ya sala fupi ya silabi nane. Alirudishwa mara 17. Mara ya 18 alifundishwa, kwa sharti kwamba akiitoa siri hiyo ataingia motoni. Ramanuja akatoka, akapanda mnara wa hekalu, akawaita wa tabaka la juu na la chini, akawatangazia wote. Mwalimu alipomjia kwa hasira, alimjibu kuwa yu radhi kuungua peke yake ikiwa umati ule utaokoka. Mwalimu akamkumbatia.

Mnara ule unanichoma kwa sababu ya bibi mmoja wa hapa Tumati. Nilipokuwa mwinjilisti kijana nilifundisha darasa la ubatizo kwa Kiswahili kitupu. Bibi huyo alishuka mlima kila Jumamosi na fimbo yake, akakaa mbele, akasikiliza. Nikimuuliza Amri Kumi, kimya. Nikimuuliza Imani, kimya. Nikamrudisha mara tatu, nikijiona nalinda mlango wa kanisa. Watu waliokua wakiitikia slufay, sala ya Kiiraqw inayoongozwa na wazee, tangu utotoni, ni nani aliyenidanganya kwamba hawajui kuomba? Mchungaji wangu wa wakati ule alikwenda nyumbani kwake, akazungumza naye kwa Kiiraqw, akarudi macho yamelowa. Jumapili iliyofuata akambatiza.

Ramanuja mwenyewe aliandika kwa Kisanskriti, lugha ya wasomi. Katika kitabu chake Sri Bhashya aliwapinga waliofundisha kwamba utofauti wa viumbe ni maono tu, mithili ya ndoto. Kwake ulimwengu ni wa kweli, na vyote vilivyomo ni mwili wa Mungu. Hapo mimi naachana naye, maana tunamkiri Muumba aliye mbali na alichokiumba, hata anapokaa nacho karibu. Lakini jadi yake ilifanya jambo ambalo ningetamani kila usharika wetu ulitazame. Nyimbo za Kitamil, lugha ya shambani na ya jikoni, zilipewa heshima sawa na Veda, maandiko matakatifu ya Kihindu. Nammalvar, mkuu wa watunzi wa nyimbo hizo, alitoka katika tabaka la wakulima. Huko Srirangam, kisiwani katika mto Kaveri, kwenye hekalu alilolisimamia Ramanuja, hadi leo sanamu ikitolewa kwa maandamano waimbaji wa Kitamil hutangulia mbele. Wasomaji wa Veda kwa Kisanskriti hufuata nyuma.

Mafundisho yake yalifika mbali. Swaminarayan, aliyefariki Gujarat mwaka 1830, aliyapokea, na wafuasi wake wakavuka nayo bahari hadi kwetu Afrika Mashariki. Hekalu lao la mawe ya kuchongwa lilifunguliwa Nairobi mwaka 1999. Tumenunua vitambaa na vipuri kwa Wahindi wa mjini miaka mingi, na sidhani kama tumewahi kuwauliza wanaomba kwa lugha gani.

Siku ya Pentekoste, Matendo 2, hakuna aliyeambiwa akajifunze kwanza lugha ya mitume.

Jumapili hii somo litasomwa kwa Kiiraqw kwanza, Kiswahili kitafuata. Atakayesoma ni kijana wa kipaimara aliyekulia Babati. Tangu Jumatatu, jioni baada ya kuingiza ng'ombe, anakaa na bibi yake jikoni, naye anamsahihisha matamshi neno kwa neno.