Utamu na Uimara
Tukiwa na piano mbili za kusimama mbele yetu, tuichagulie shule ipi? Ya kwanza ina ubao wa sauti wa msonobari mtupu: kwa kawaida huimba vizuri zaidi, lakini ukame na unyevu vikipokezana, ubao huo huweza kupasuka. Ya pili ina ubao wa tabaka zilizounganishwa kwa gundi: huvumilia, ila sauti yake aghalabu haina kina kile. Sikio hupima utamu kwa saa moja. Uimara hupimwa na miaka. Anunuaye kwa fedha za watu wote hana haki ya kuliridhisha sikio lake peke yake, kwani mtoto atakayeipiga piano hiyo miaka 20 ijayo naye ni mwenye mali. Hasara ya utamu twaikiri; hata hivyo, twachagua ivumiliayo.