Mkongojo wa Babu

Jirani yangu, mama muuza mkaa, ametolewa chumbani na kodi yake haijaisha. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma, na kifungu kilichomponza kilikuwa na neno "use": asitumie chumba kwa biashara. Biashara yake iko sokoni. Chumbani kulilala magunia tu. Dalali alifungua kamusi kwenye simu, akatuonyesha kwamba kuweka kitu mahali nako ni "use". Nikabishana naye mpaka akaondoka.

Kwamba neno huwa na maana nyingi, watoto hufundishwa mapema kwa paa na kaa. Tulipite hilo.

Dalali yule ana wenzake wakubwa. Nchini Marekani, John Angus Smith alijaribu kumpa askari aliyejifanya mnunuzi bunduki aina ya MAC-10 ili apewe kokeini. Sheria ilimwongezea adhabu mtu "anayetumia" silaha katika biashara ya dawa za kulevya, na kwa bunduki ya aina hiyo nyongeza ilikuwa miaka 30. Hakufyatua risasi wala hakumtisha mtu. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, majaji sita kwa watatu, kwamba kuibadilisha bunduki kwa dawa ni kuitumia. Jaji O'Connor alitegemea kamusi. Jaji Scalia akapinga: ukimuuliza mtu kama anatumia mkongojo, humuulizi kama ametundika ukumbini mkongojo wa babu yake.

Watetezi wa uamuzi ule husema bunduki sokoni ni hatari hata isipofyatuliwa, na hapo wana hoja. Kinachonitia hasira ni ile kauli ya dalali: "Kamusini ipo!" Ipo, sawa. Kamusi hukusanya maana zote ambazo watu wamewahi kulipa neno, popote, kwa sababu yoyote. Haisemi huyu, siku hii, alikusudia ipi. Anayeifungua baada ya kosa kudaiwa amekwisha kujua anatafuta nini, na katika orodha ndefu hakosi. Tena angalia nani huifungua: mwenye chumba, mwendesha mashtaka. Mama wa mkaa angechagua maana gani? Hakuna aliyemuuliza. Wingi wa maana, ambao mshairi huuchezea na sote tukafurahi, ukifika kwenye mkataba humilikiwa na mwenye nguvu. Na bado ataapa kwamba hakuchagua chochote, amesoma tu! Afadhali angesema wazi, "Nataka chumba changu." Hapo tungegombana kwa haki.

Mwaka 1998 mahakama ileile ikabishania neno jingine la sheria ileile, "carry", yaani kubeba. Je, bunduki iliyofungiwa ndani ya gari imebebwa? Jaji Breyer aliwaita mashahidi Biblia, Robinson Crusoe na Moby-Dick, kisha akapekua magazeti kuona waandishi hulitumiaje neno. Jaji Ginsburg, upande wa pili, alileta tamthilia ya televisheni, M*A*S*H. Nakiri napenda kesi hii kuliko inavyostahili. Ningelipa nauli nikawasikilize majaji wazee wakibishana kuhusu mabaharia na nyangumi, kama kwamba nyuma ya kitabu hakuna mtu anayesubiri kifungo. Breyer, aliyesema imebebwa, alishinda, watano kwa wanne.

Mwaka 2007 likaja swali la upande wa pili wa biashara ya Smith: aliyetoa dawa akapokea bunduki, naye ameitumia? Majaji wote tisa walisema hapana. Anayeitoa anaitumia, anayeipokea haitumii. Ginsburg aliongeza kwamba uamuzi wa 1993 wenyewe ufutwe. Haukufutwa. Na Scalia wa mkongojo, aliyesimama upande wa maana ya kawaida, aliamini kwa dhati kwamba maneno ya sheria yasomwe kama yalivyo. O'Connor naye alidai hilohilo. Nikimwuliza dalali, naye atasema hivyo, na sijui nitamjibu nini isipokuwa kumuuliza tena magunia yale yalimuuzia nani mkaa.